Vijana Waliokosa Shule na Kazi ya Kurudisha Mikoko: Shauri kwa Mwalimu wa Pwani

Mwalimu anayepangiwa kazi katika wilaya za pwani, iwe Mkinga au Rufiji, Kilwa au Mtwara, hatakaa muda mrefu kabla ya kuombwa asaidie upandaji wa mikoko. Barua huja, siku hutajwa, miche huletwa kwa gari, na vijana hukusanywa. Aghalabu vijana hao si wanafunzi wake. Ni wale waliokatiza masomo darasa la nne au la tano, wasichana waliozaa mapema wakaacha shule, watoto wa wavuvi waliofuata ngalawa, wakata nguzo na wachoma mkaa. Wanaitwa kwa sababu hawana kazi maalumu, na kwa sababu bei ya mikono yao ni ndogo. Jioni hesabu ya miche iliyochomekwa topeni huandikwa, picha hupigwa, fulana hugawiwa, na mwalimu hurudi nyumbani akidhani kwamba amefundisha.

Makala hii yadai kwamba hajafundisha, na kwamba miche ile mingi itakufa. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Hakuna aliyesimama na vijana wale kuuliza maji yanafika wapi, yanakaa kwa muda gani, na kwa nini miti iliyokuwa pale zamani haipo leo. Somo la kwanza la kurudisha mikoko ni maji. Mti huja baadaye. Na katika somo hilo kijana aliyekosa shule hafiki mikono mitupu. Anayo nusu ya maarifa yanayohitajika, na pengine zaidi ya nusu. Kazi ya mwalimu ni kuipokea nusu hiyo kwa heshima na kumpa ile iliyobaki: kupima, kuandika, kuhesabu na kujenga hoja.

Kwa nini miche hufa

Watu wa bara hudhani mkoko ni mti mmoja. Mwana wa pwani anajua kwamba jina hilo hubeba jamii nzima ya miti: mkoko wenyewe wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, mkandaa, msinzi (wengine husema muia), mchu, mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi. Kila mmoja una mahali pake. Mlilana hupenda ukingo unaotazama bahari, ambapo maji hufika kila siku. Mkoko hufuata kingo za vijito penye tope laini. Mkandaa na msinzi hukaa nyuma yake. Mchu hustahimili chumvi kuliko wenzake, ndiyo maana huonekana mbele kabisa na tena nyuma kabisa, kule ambako maji hufika siku za bamvua tu na jua huacha chumvi juu ya ardhi. Msikundazi hutaka mahali penye maji baridi ya mto. Mpangilio huu hutokana na kimo cha ardhi. Tofauti ya kimo ya nusu mita hivi, ambayo jicho halioni katika tambarare ya tope, yatosha kuondoa mti mmoja na kuweka mwingine.

Sasa angalia kinachofanyika siku ya sherehe. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huanza kuota ingali juu ya mti mama, na huweza kuchomekwa topeni bila kitalu. Kwa hiyo ndiyo huchaguliwa, hata mahali ambapo mkoko haukupata kuota. Na mahali panapochaguliwa ni ufuko wa tope ulio wazi mbele ya msitu, kwa kuwa hapana mwenyewe. Huko maji hukaa muda mrefu mno, mawimbi hung'oa, mchanga hufukia, na wadudu wa baharini wenye magamba magumu huganda juu ya vijiti mpaka vikalala.

Ufilipino imelipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Mapitio yaliyofanywa na wataalamu wa huko, Jurgenne Primavera na J. M. A. Esteban, na kuchapishwa mwaka 2008, yalieleza kwamba baada ya miaka mingi ya upandaji na fedha nyingi, miche iliyobaki hai kwa muda mrefu ilikuwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20 tu. Moja ya sababu walizotaja inafaa kusomwa mara mbili na kila mwalimu wa pwani: mahali panapofaa mikoko palikuwa pamegeuzwa mabwawa ya samaki yenye wenyewe, basi watu wakapanda pasipofaa kwa kuwa hapakuwa na mgogoro. Miche ilikufa kwa sababu ya siasa ya ardhi, ijapokuwa mkono uliopanda ulipanda vizuri.

Sisi mabwawa ya samaki hatuna mengi, lakini tunayo mashamba ya chumvi. Katika sehemu nyingi za mwambao wetu mikoko ilifyekwa, matuta yakajengwa kuzuia maji, chumvi ikavunwa kwa miaka kadhaa, kisha shamba likaachwa. Tuta linabaki. Nyuma yake ardhi hukauka na kupasuka, chumvi hukolea, na hata mchu hauoti. Kupanda miche elfu moja ndani ya eneo kama hilo ni kuitupa. Palipo na ruhusa, kazi yenye maana ni kufungua tuta mahali ambapo kijito kilipita zamani, ili maji yaingie na kutoka. Mtaalamu wa Marekani, Robin Lewis, alitumia miaka mingi huko Florida kuonyesha kwamba mahali ambapo mwendo wa maji umerudishwa, na miti mama ipo karibu, mbegu huja zenyewe zikielea, na upandaji huwa wa kujaza mapengo tu.

Wakati mwingine msitu hufa kwa jambo linalotoka mbali. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara mpaka kijito cha Mwache, karibu na Mombasa, na mikoko mingi ikafa kwa kufukiwa mizizi yake ya kupumulia. Kijana anayejifunza hapo hana budi kutazama juu ya mto, kwenye mashamba ya mteremkoni, kabla ya kutazama chini ya miguu yake.

Kuanza na wanachokijua

Walimu wa zamani watakumbuka mashamba ya shule baada ya mwaka 1967. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya masomo, mwanafunzi apime mbolea na kulinganisha mavuno. Katika shule nyingi jembe lilibaki jembe, na katika baadhi yake likawa adhabu. Mikoko inaelekea kupatwa na yaleyale. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kila tendo la mkono linajibu swali lililoulizwa kwanza na kundi lenyewe.

Kikao cha kwanza kifanyike chini ya kivuli, bila jembe wala mche. Mwalimu awaombe vijana walete matawi ya kila mti wa mikokoni wanaoujua. Yawekwe chini, yatajwe majina. Majina yatagongana, kwa kuwa kijiji kimoja husema hivi na cha pili vile. Mabishano hayo ni mali, yasikatishwe. Kisha mwalimu aandike majina kwenye vipande vya boksi na kuviweka juu ya matawi. Kijana ambaye hajashika kalamu tangu aache shule atasoma neno MCHU bila kufundishwa silabi, kwa kuwa mchu upo mbele yake. Katika MEMKWA, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya walioikosa elimu ya msingi, kundi la pili lilikuwa la vijana wa miaka 14 hadi 18. Aliyewahi kuwafundisha vijana wa umri huo anajua aibu waliyonayo ya kurudishwa kwenye kitabu chenye picha ya mpira na paka. Hapa hakuna aibu, maana ni wao wanaomfundisha mwalimu.

Hesabu nayo ipo tayari. Mkata miti hutofautisha fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa kuzungushia kiganja tu. Mwalimu ampe kamba, apime mzunguko wa kila moja, augawanye kwa 22/7, apate kipenyo. Jedwali litakalotoka ni kazi ya vijana wenyewe, na somo la duara, ambalo huwashinda wengi katika shule ya msingi, litakuwa limepita bila kelele. Halafu liulizwe swali zito: mti wa boriti una umri gani? Huko Gazi, kusini mwa Kenya, ambako watafiti walianza kupanda mikoko mapema katika miaka ya 1990, shamba moja la mkoko lilipotimiza miaka 12 lilikuwa na kimo cha wastani cha zaidi ya mita 8, na unene wa wastani wa kiasi cha sentimita 6. Kijana wa miaka 16 atakuwa na miaka 28. Aachwe anyamaze kidogo na hesabu hiyo.

Baada ya hapo ndipo somo la maji. Vifaa vyake ni rahisi. Vijana wakate fimbo zilizonyooka, wazitie alama kila sentimita 10, na kuzipaka chaki iliyosagwa na kukorogwa kwa maji, kisha wazikaushe. Zisimikwe kwenye mstari kutoka ukingo wa kijito mpaka nchi kavu, baadhi ndani ya msitu mzima, baadhi mahali palipokufa. Maji yakijaa huosha chaki mpaka yalipofika. Yakipwa, kimo husomwa. Fimbo zikisomwa siku za bamvua na tena siku za maji mafu, kundi litakuwa na picha ya maji ambayo hata aliyeleta miche hana.

Kifaa cha pili ni ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao waashi huujaza maji ili kusawazisha msingi. Vijana wawili washike ncha zake, mmoja akisimama penye mkandaa wenye afya, mwingine penye ardhi tupu. Maji ndani ya mpira husimama kimo kimoja pande zote mbili. Umbali kutoka maji hayo hadi ardhi upimwe kila upande. Ikiwa ni sentimita 90 upande mmoja na 65 upande wa pili, ardhi ile ya pili imeinuka kwa sentimita 25. Je, imejaa tope? Ni mabaki ya tuta? Au basi hapa pamekuwa mahali pa mchu, na mkandaa hautarudi? Hili ni somo la fizikia, la jiografia na la kutoa hoja kwa pamoja, na nimeona mara nyingi kwamba kijana aliyezoea kunyamaza mbele ya ubao ndiye anayeshinda hoja hapa.

Baada ya vipimo hivyo tu ndipo kundi liamue: kufungua mfereji, kuacha mbegu zije zenyewe, au kupanda, na kama ni kupanda, mti gani na kwa nafasi gani. Nafasi ya mita moja kwa moja hutaka miche 10,000 kwa hekta. Ya mita mbili kwa mbili hutaka 2,500. Tofauti hiyo ni siku nyingi za kazi, nao ndio watakaozifanya. Waihesabu.

Ratiba ifuate mwezi

Vyuoni tunafundisha kuandaa ratiba kwa siku za juma. Pwani ratiba hiyo haifai. Katika mwambao wetu maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano hivi asubuhi, na kujaa kabisa alasiri, kwenye saa kumi au saa kumi na moja. Asubuhi hizo za bamvua ndizo saa za riziki. Wasichana na akina mama huenda kuokota chaza na kombe, wengine hutafuta pweza miambani. Mwalimu anayeita kundi saa tatu asubuhi siku ya mwezi mpevu kwa kuwa tope liko wazi anamnyang'anya msichana kitoweo na nauli, halafu huandika katika taarifa yake kwamba wasichana hawana moyo wa kujifunza.

Mpango bora ni huu. Siku za bamvua kundi likutane alasiri tu, maji yakiwa juu, kusoma fimbo na kuona kwa macho yalipofika. Siku za maji mafu, ambazo uvuvi wa miguu hulegea, sehemu ya juu ya mikoko hukaa bila kufikiwa na maji kwa siku kadhaa. Hapo ndipo pa kuchimba, kupima na kupanda sehemu za juu, na mche hupata nafasi ya kushika kabla ya maji makubwa kurudi. Vijana wanajua haya yote kwa mwili. Mwalimu aongeze hesabu: maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa kumi kamili alasiri, siku saba baadaye yatajaa saa ngapi? Jibu la daftari ni saa tatu na dakika 50 usiku. Kisha wakapime. Watakuta tofauti, kwa sababu ucheleweshaji huwa mdogo karibu na bamvua na mkubwa karibu na maji mafu. Kanuni ya wastani haitabiri kila siku: hilo ni fundisho la takwimu ambalo wanafunzi wa sekondari hulikariri bila kulielewa.

Jambo dogo lenye uzito: paandaliwe mahali pa kivuli na mtu wa kuwashika watoto wachanga. Pasipo hivyo, wasichana waliozaa hawatakuja, nao ndio waliotajwa kwanza katika barua ya mradi. Viatu vizee vya mpira vitafutwe pia, maana chaza hukata kama wembe.

Posho, haki na mwenye msitu

Hapa walimu wengi hupenda kupita haraka. Mimi naona ndipo penye moyo wa shauri lenyewe.

Kijana mkata nguzo anaporudisha msitu anajifungia mlango wa riziki. Misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, na kukata bila kibali ni kosa. Msitu uliokufa haulindwi na mtu. Uliorudi utalindwa, na wa kwanza kukamatwa humo huenda akawa ndiye aliyeupanda. Katika delta ya Rufiji, kwenye mikoko iliyo mingi kuliko mahali pengine popote katika nchi yetu, wakulima wa mpunga na wasimamizi wa msitu wamevutana kwa miaka mingi juu ya ardhi ileile. Mwalimu anayewapeleka vijana kupanda mikoko ndani ya shamba la mpunga la jirani zao, bila kuuliza, anawatia katika ugomvi usio wao, naye mwisho wa mwaka huhamishwa.

Basi kabla ya kazi, kundi lipate maandishi matatu: ruhusa ya wakala wa misitu, muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioridhia, na makubaliano ya nani atafaidika na nini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatoa nafasi ya wanakijiji kusimamia msitu wa serikali kwa ubia. Vijana waisome sehemu hiyo pamoja na mwalimu, neno kwa neno, kisha waandike barua wao wenyewe. Barua ya kwanza itakuwa na makosa, isahihishwe, ipelekwe. Pakiwa na tuta la chumvi, lisiguswe hata kwa jembe moja kabla mwenye hati hajapatikana.

Mfano wa Gazi unafaa kutazamwa kwa makini, ingawa si wa kuigwa kwa kila hali. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, unahusu hekta 117 za mikoko, na mapato yake huamuliwa na vijiji vya Gazi na Makongeni. Yametumika kwa maji ya bomba na mahitaji ya shule. Lakini nisemacho zaidi ni kwamba walipanda pia mivinje nchi kavu, ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia mikokoni. Mtu aliyezuiwa kukata alionyeshwa pa kukata. Mwalimu asiyeweza kuwaonyesha vijana wake jambo la namna hiyo, iwe mivinje, mizinga ya nyuki au ufugaji wa kaa, asiwafiche. Awaambie mapema, wachague kwa hiari.

Kuhusu posho, kanuni yangu ni nyepesi. Saa za kujifunza hazilipwi. Saa za kuchimba mfereji kwa manufaa ya mradi wenye fedha zilipwe kama kibarua kingine chochote, na vijana wenyewe watunze daftari la saa. Wale walio chini ya miaka 18 wasibebeshwe mizigo wala kazi za hatari. Mradi ukisema kwamba vijana watalipwa kwa idadi ya miche, mwalimu akatae. Malipo kwa mche hufundisha kuchomeka haraka, na ndiyo njia fupi ya kujaza tope vijiti vilivyokufa.

Kupima mafanikio

Taarifa za miradi huhesabu miche iliyopandwa. Kundi la vijana lihesabu iliyo hai. Viwekwe viwanja vidogo vya mita 10 kwa 10, na kila kimoja kitembelewe baada ya mwezi mmoja, miezi sita, mwaka, kisha kila mwaka. Tuseme miche 100 ilipandwa na 65 ipo: asilimia ni rahisi, ugumu upo katika safu ya pili ya daftari, inayouliza iliyokufa ilikufaje. Imeng'olewa na wimbi? Imeliwa na kaa? Imekauka? Imekanyagwa na ng'ombe? Katika safu hiyo mwalimu ataona kama somo la maji limeingia, kwa kuwa kijana aliyelielewa haandiki "imekufa" peke yake. Waandike vilevile mche ulioota wenyewe bila kupandwa na mtu. Mara nyingine ndio ulio imara kuliko yote, na unaonyesha mahali ambapo kundi lingepaswa kufanya kazi mwaka ujao.

Daftari hilo lisikae shuleni, wala kwa mwalimu. Liwe na nakala mbili: moja katika ofisi ya serikali ya kijiji, nyingine kwa kijana aliyechaguliwa na wenzake kuwa karani. Mwalimu mwanafunzi anayekuja kwa mazoezi ya kufundisha aende kwa karani huyo kwanza, abishe hodi, aombe kufundishwa namna ya kulisoma.